Punguzo Linakataa, au Linampata Kila Mtu: Kutafuta Kosa Kwenye Mtiririko wa Masharti

Tuseme una duka la mtandaoni, umejenga kanuni za punguzo kwa kuvuta visanduku vya masharti na kuviunganisha kwa mishale ubaoni, na punguzo halitoki ulivyotaka. Kabla hujagusa kisanduku chochote, tafuta kikapu kimoja cha mteja kilichotoa jibu baya. Usianze na "wateja wanalalamika" wala "punguzo halifanyi kazi". Unataka kikapu kimoja chenye bidhaa zake, idadi zake, jumla yake, mteja wake, saa aliyonunua, na kuponi kama aliweka. Kiandike kwenye karatasi. Kisha kipitishe kwa kidole kuanzia kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho, na kila unapokutana na sharti andika "ndiyo" au "hapana" pembeni. Mara nyingi kosa hujitokeza hapo hapo, mkono ukiwa bado uko mbali na kipanya.

Nalisisitiza hili kwa sababu kihariri cha kuvuta na kuachia kinadanganya macho kwa urahisi sana. Wewe unaona mchoro, lakini injini inayokokotoa punguzo haiuoni. Inachosoma ni mpangilio: sharti lipi limo ndani ya kundi lipi, mshale upi unatoka upande wa "ndiyo" na upi unatoka upande wa "hapana", kanuni ipi ina kipaumbele namba ngapi. Visanduku viwili vinaweza kukaa bega kwa bega ubaoni na visiwe na uhusiano wowote. Ukiburuta kisanduku ukakipandisha juu ya kingine, huenda zamu yake haijabadilika hata kidogo, kwa kuwa zamu inatokana na namba iliyojificha kwenye mipangilio. Kwa hiyo unapotafuta kosa, soma mishale na makundi. Nafasi ya kisanduku ubaoni isikushughulishe.

Jambo jingine la kufanya mapema: tengeneza nakala ya kanuni na uhariri nakala hiyo, si ile inayohudumia wateja. Na badilisha kitu kimoja tu, ujaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mambo yakatengemaa, hutajua kipi kilikuwa dawa. Yakiharibika zaidi, hutajua kipi kilikuwa sumu.

Dalili: punguzo linawapata hata wasiostahili

Hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi, maana hakuna mteja anayepiga simu kulalamika kwamba amepunguziwa. Hugunduliwa siku nyingi baadaye, hesabu zinapofungwa.

Mshukiwa wa kwanza ni viunganishi NA (yote yatimie) na AU (mojawapo linatosha) kuchanganywa kwenye mstari mmoja. Tuseme ulitaka kusema: mwanachama, au mwenye kuponi, apate punguzo iwapo kikapu chake kimefika 5,000. Ubaoni ukaweka visanduku vitatu mfululizo: "ni mwanachama" AU "ana kuponi" NA "jumla ni kuanzia 5,000". Ukiusoma kwa sauti unasikika sawa kabisa. Lakini injini nyingi hufuata utaratibu uliozoeleka wa mantiki, ambapo NA hufunga kwanza kabla ya AU, kama vile kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha katika hesabu. Kwa hiyo injini inaelewa hivi: ni mwanachama, BASI, inatosha, au ana kuponi na pia jumla imefika 5,000. Mwanachama mwenye kikapu cha 800 anapita bila kuulizwa kitu. Mwenye kuponi na kikapu cha 800 anakataliwa, na huyo ndiye atakayekupigia simu. Ukipata malalamiko ya namna hiyo kutoka upande mmoja tu, angalia hapa kwanza.

Dawa ni kundi. Weka "ni mwanachama" na "ana kuponi" ndani ya kisanduku kimoja cha kundi chenye alama ya "yoyote kati ya haya", kisha kundi hilo zima liunganishwe kwa NA na sharti la jumla. Usitegemee kumbukumbu yako ya utaratibu wa NA na AU, hata kama unaujua vizuri. Kundi lililo wazi linamsaidia pia atakayefungua kanuni hiyo miezi sita baadaye, na huenda akawa wewe mwenyewe.

Mshukiwa wa pili ni ukanushaji, yaani masharti yenye SI. Hapa nimeona watu makini sana wakinaswa, na sababu ni kwamba lugha ya kawaida inatupeleka kombo. Mtu anataka kuwatenga wateja wa makundi mawili, wauzaji wa jumla na wafanyakazi. Anaweka: "kundi la mteja SI jumla" AU "kundi la mteja SI wafanyakazi". Chukua karatasi umpitishe mteja wa jumla. Sharti la kwanza: hapana. Sharti la pili: ndiyo, kwa kuwa yeye si mfanyakazi. Kwa AU, ndiyo moja inatosha, amepita. Mpitishe mfanyakazi: sharti la kwanza linampa ndiyo. Amepita. Madhali kila mteja yuko kwenye kundi moja tu, hakuna atakayekwama kwenye mlango huo. Umejenga lango lisilofungwa.

Kanuni yake ilielezwa na mwanahisabati Augustus De Morgan katika karne ya 19: kukanusha "A au B" ni sawa na kusema "si A na si B". AU inageuka kuwa NA pale SI inapoingia ndani. Kama hutaki kuikumbuka, weka "ni jumla" na "ni wafanyakazi" ndani ya kisanduku kimoja cha kundi la "yoyote", kisha ukikanushe kisanduku chenyewe mara moja kwa nje. Kinasomeka vizuri zaidi pia.

Mshukiwa wa tatu hutokea baada ya kuhariri: kundi tupu. Ulikuwa na kundi la "yote yatimie" lenye sharti moja ndani. Ukalifuta sharti ili uweke jingine, simu ikalia, ukahifadhi. Katika mantiki, "yote yatimie" juu ya orodha isiyo na kitu ni kweli, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichoshindwa kutimia. Lugha za programu kama Python na JavaScript zinafanya hivyo hivyo. Matokeo yake ni punguzo kwa kila anayepita. Kinyume chake, kundi tupu la "yoyote" ni si kweli, kwa hiyo halimpi mtu. Baadhi ya vihariri hukataa kuhifadhi kundi tupu na vingine havisemi neno, basi usingoje kuonywa. Kabla ya kuhifadhi, fungua kila kundi uone ndani mna nini.

Dalili: anayestahili hapati

Umefuatilia kikapu kwa kidole, kila sharti kwa macho yako ni ndiyo, na bado punguzo halitokei. Hapo mantiki ya mtiririko haina kosa. Tatizo liko kwenye data inayolinganishwa.

Anza na lebo, yaani jina la kundi la mteja. "Jumla", "jumla" na "jumla " yenye nafasi tupu mwishoni ni vitu vitatu tofauti kwa mfumo unaotofautisha herufi kubwa na ndogo na usiopunguza nafasi. Ile nafasi ya mwisho haionekani kabisa kwa macho. Nakili lebo kutoka kwenye ukurasa wa mteja, ibandike kwenye sharti, badala ya kuiandika upya kwa mkono. Kama kihariri kinakupa orodha ya kuchagua, chagua humo kila mara.

Halafu angalia namba zilizohifadhiwa kama maandishi. Mfumo ukilinganisha maandishi, unalinganisha herufi kwa herufi kutoka kushoto, kwa hiyo "900" ni kubwa kuliko "1000", kwa kuwa 9 inakuja baada ya 1. Dalili yake ni ya ajabu: kikapu cha 900 kinapata, cha 1,000 kinanyimwa, cha 9,000 kinapata. Ukiona punguzo linarukaruka hivi bila mpango, nenda kwenye mipangilio ya sehemu hiyo ya data uhakikishe aina yake ni namba. Karibu na hilo kuna suala la vipimo: mifumo mingine huhifadhi pesa kwa kipimo chake kidogo kabisa, yaani senti. Ukiandika 5000 ukimaanisha elfu tano, mfumo unaweza kusoma hamsini. Kikapu cha majaribio cha 60 kitakuonyesha mara moja kama ndivyo ilivyo.

Taarifa isiyokuwepo ni mtego mwingine. Uliandika "idadi ya oda zilizopita ni chini ya 1" ili uwapate wateja wapya. Mgeni anayenunua bila akaunti hana sifuri. Hana namba yoyote. Katika mifumo mingi, kulinganisha kitu kisichokuwepo na namba hakuleti ndiyo, wala kinyume chake hakuleti ndiyo. Mgeni huyo anaanguka kati ya matawi yote mawili. Mwekee tawi lake: kwanza uliza kama taarifa ipo, ndipo uulize ni ngapi.

Na usisahau kuuliza sharti linasema juu ya nini hasa, kikapu kizima au bidhaa mojamoja. "Bidhaa haiko kwenye ofa" ina maana mbili. Inaweza kumaanisha kwamba kikapuni mna angalau bidhaa moja isiyo ya ofa, au kwamba hakuna hata moja ya ofa. Kikapu chenye bidhaa tatu, moja ya ofa na mbili za kawaida, kinapita kwa maana ya kwanza na kinakwama kwa ya pili. Vihariri vingi vina kitufe kidogo cha "yoyote" au "zote" pembeni mwa sharti la bidhaa, na kwa kawaida hakuna anayekigusa. Kiguse.

Dalili: mteja wa kikapu kikubwa anapata punguzo la kikapu kidogo

Una ngazi mbili: kuanzia 1,000 asilimia 10, kuanzia 5,000 asilimia 15. Kikapu cha 6,000 kinapata 10. Sababu ni mpangilio wa matawi. Injini imeuliza kwanza "je, imefika 1,000?", ikapata ndiyo, ikatoa asilimia 10 na ikaishia hapo. Panga kutoka ngazi ya juu kushuka: 5,000 kwanza, upande wa "hapana" uelekee 1,000.

Kama badala yake mteja anapata zote mbili, kanuni hizo mbili hazina alama ya kusimama baada ya kutimia. Iwashe kwenye ile ya juu, au ziunganishe ziwe mtiririko mmoja wenye matawi.

Mpakani penyewe ndipo pa kuwa na uangalifu. Tukisema kwa mdomo "zaidi ya elfu moja", mara nyingi tunamaanisha elfu moja yenyewe imo. Kisanduku chenye alama ya > (zaidi ya) hakimaanishi hivyo. Kikapu cha 1,000 kamili kinabaki nje. Na ukijenga ngazi kwa vipande kama 0 hadi 999, kisha 1,000 hadi 4,999, kikapu cha 999.50 hakina pa kwenda. Jenga kila ngazi kwa "kuanzia" upande wa chini na "kabla ya" upande wa juu: kuanzia 1,000 na kabla ya 5,000. Vipande vinakutana bila pengo na bila kupandana. Kisha jaribu vikapu vitatu kwa kila mpaka, yaani 999, 1,000 na 1,001. Ni kazi ya dakika chache.

Dalili: punguzo linatokea, mteja akigusa kitu linatoweka, akigusa tena linarudi

Niliwahi kukaa na mwenye duka la mtandaoni aliyeamini kabisa kwamba intaneti yake ndiyo mbovu. Kikapu kilikuwa 5,200. Sharti lilikuwa jumla kuanzia 5,000, punguzo asilimia 10. Punguzo likaingia, jumla ikawa 4,680. Mteja akabadilisha anwani, mfumo ukakokotoa upya, ukakuta jumla ni 4,680, haijafika 5,000, ukaondoa punguzo. Jumla ikarudi 5,200. Akabadilisha njia ya usafirishaji, likarudi. Kanuni ilikuwa inajila mkia yenyewe.

Tuliirekebisha kwa kubadilisha neno moja tu kwenye kisanduku: badala ya "jumla", tukachagua "jumla kabla ya mapunguzo". Tangu siku hiyo kila ninapoona neno "jumla" pekee yake kwenye sharti nauliza: jumla ipi? Kabla au baada ya punguzo? Pamoja na kodi au bila? Pamoja na usafirishaji? Kama kihariri chako hakitofautishi, fanya jaribio la kikapu kilichopita kizingiti kwa kiasi kidogo tu, ukikokotoe upya mara mbili tatu. Kama kuna mzunguko, utauona.

Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni zawadi ya bure inayoongezwa kikapuni na kanuni moja, kisha ikahesabiwa kama bidhaa na kanuni nyingine ya "ukinunua vitu vitatu". Mteja amenunua viwili, cha tatu umempa wewe. Itenge zawadi kwenye hesabu ya idadi.

Dalili: punguzo liko, kiasi chake si kile ulichotarajia

Asilimia 20 na asilimia 10 kwa pamoja hazifanyi 30 kama moja inakokotolewa juu ya bei iliyobaki. 1,000 inakuwa 800, kisha 720. Hiyo ni asilimia 28, na si kosa la injini; ni swali ambalo hukulijibu ulipojenga kanuni.

Ukichanganya asilimia na kiasi maalumu, zamu inabadilisha jibu. Asilimia 20 kwanza kisha toa 100: 1,000, 800, 700. Toa 100 kwanza kisha asilimia 20: 1,000, 900, 720. Amua lipi ni sawa kwako, halafu weka namba za kipaumbele kwa mkono. Na uthibitishe kama mfumo wako huanza na namba ndogo au kubwa, maana mifumo haikubaliani juu ya hilo. Usikisie.

Tofauti ya senti moja hutokana na ukadiriaji, yaani kukata tarakimu za mwisho za desimali. Punguzo la 100 likigawiwa bidhaa tatu za bei sawa ni 33.33 mara tatu, yaani 99.99. Mfumo mzuri huipa bidhaa mojawapo ile senti iliyobaki. Kama wako haufanyi hivyo, weka punguzo kwenye kikapu kizima badala ya kila bidhaa.

Dalili: ofa imeanza au imeisha saa isiyo yake

Angalia ukanda wa saa kwanza. Seva nyingi hutunza saa kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa, na kihariri kinaweza kukuonyesha saa ya kwako au ya seva bila kukuambia. Weka kanuni ya majaribio ianze dakika tano zijazo, uone inaanza lini kweli.

Kisha liko hili letu, sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo. Mtu anaambiwa ofa ianze saa sita usiku, naye anaandika 06:00. Ofa inaanza saa kumi na mbili asubuhi, imechelewa saa sita kamili. Nimeliona zaidi ya mara moja, na kwa watu wenye akili timamu waliokuwa na haraka. Kwenye maagizo ya kazi andikeni saa kwa tarakimu za mfumo, 00:00, pamoja na tarehe. Tarehe ni lazima, kwa sababu 00:00 ya Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa.

Mwisho wa ofa usiandikwe 23:59. Ile dakika ya mwisho inabaki bila mwenyewe. Andika kabla ya 00:00 ya siku inayofuata.

Dalili: umehariri, hakuna kilichobadilika

Umehifadhi rasimu, hujachapisha. Ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Kama umechapisha, fungua kikapu kipya kwenye dirisha la faragha la kivinjari, kwa kuwa kikapu cha zamani kinaweza kuwa bado kimeshikilia hesabu ya awali, na ukurasa unaweza kuwa unatolewa kwenye kashe, yaani nakala ya zamani iliyohifadhiwa kwa muda. Kama bado, tafuta kanuni nyingine yenye kipaumbele cha juu zaidi inayosimamisha kila kitu kabla zamu ya yako haijafika. Izime kwa muda kwenye mazingira ya majaribio uone.

Dalili: ilifanya kazi mpaka ulipofuta au kunakili kisanduku

Ukifuta kisanduku katikati ya mtiririko, mshale uliokuwa unaingia humo unaweza kubaki unaning'inia. Kikapu kinafika hapo na kinakwama kimya kimya, bila ujumbe wa kosa. Punguza ukubwa wa ubao mpaka uone mtiririko mzima, kisha fuata kila mshale hadi mwisho wake. Kila sharti liwe na njia mbili zinazotoka, hata kama ya "hapana" inaelekea kwenye kisanduku kinachosema tu "hakuna punguzo".

Kunakili kuna hatari yake. Katika baadhi ya programu, nakala inaendelea kutumia orodha ile ile ya bidhaa ya kisanduku cha kwanza. Unaongeza bidhaa kwenye nakala, na kanuni ya zamani inabadilika pia. Jaribu kwa bidhaa moja isiyo na umuhimu kabla ya kuiamini nakala.

Ukiwa umepita kote huku na kikapu chako bado kinatoa jibu baya, anza kupunguza. Kwenye nakala, ondoa masharti yote ubakize moja. Likifanya kazi, rudisha la pili, jaribu kikapu kile kile, kisha la tatu. Sharti litakaloharibu jibu ndilo utakalowaandikia mafundi wa mfumo, ukiambatanisha na ile karatasi yako: kikapu, jibu ulilotarajia, jibu ulilopata, na saa ulipojaribu.